Moshi Usioonekana: Uhakiki wa Msamiati wa Ekzosi katika Kiswahili

Uchunguzi wa msamiati wa kiufundi katika Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na swali la asili ya maneno. Neno likiletwa mbele ya mhakiki, jambo la kwanza aulizalo ni: limetoka wapi? Limekopwa Kiingereza, limekopwa Kiarabu, au limeundwa kwa mizizi ya Kibantu? Kisha hutolewa hukumu, na aghalabu hukumu hiyo huupendelea mzizi wa Kibantu. Swali hili si baya, lakini lina upungufu mmoja mkubwa: halituambii neno linamwonyesha msemaji kitu gani, wala linamficha kitu gani. Makala haya yatajaribu kuuliza swali hilo la pili kuhusu sehemu moja ya gari, yaani ekzosi pamoja na vyombo vinavyofungwa ndani yake ili kuisafisha hewa itokayo katika injini. Dai letu ni kwamba Kiswahili chetu, cha gereji na cha kamati, kimelitwika neno moshi mzigo usiolistahili. Na kwamba kosa hilo la lugha lina gharama inayolipwa na mapafu ya watu.

Mfano wetu tumeuchukua karibu. Kwa Vonza ni soko lililo kando ya barabara ya Machakos na Kitui, na hapo ndipo msafiri aendaye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chuo kilichopata hati yake mwaka 2013, huiacha barabara kuu. Mahali kama hapa Kiswahili cha aina mbili hupishana kila siku pasipo kuamkiana. Kimoja ni cha darasani, ambacho mwanafunzi hufundishwa kwacho kanuni za kuunda istilahi. Cha pili ni cha fundi aliyelala chali chini ya gari, ambaye hajapata kusikia kanuni hizo na wala hazimkoseshi usingizi. Twaona kwamba kila kimoja kina jambo la kukifunza kingine.

Tuanze na haki ya fundi. Nomino nyingi za gereji ni za kukopa: injini, silinda, pistoni, plagi, rejeta, klachi, gia, breki. Gari lenyewe ni neno lililotoka Bara Hindi, na Kikamba nacho kimelipokea kwa sura ya ngali. Mhakiki apendaye usafi wa lugha akiishia hapo atasema kwamba fundi hana lugha. La hasha. Nomino ni za kukopa, lakini vitenzi ni vyetu, na fikra hukaa zaidi katika vitenzi. Gari hula mafuta. Injini hukohoa, hunguruma, huchemka, huzimika, na siku zake zikiisha hufa. Gia ina meno. Kwa hiyo fundi hakuipokea injini kama rundo la vyuma vyenye majina ya kigeni. Aliipokea kama mwili ulao na kuugua, naye akajifanya tabibu wake. Hii ni fikra kamili, na imewasaidia mafundi wasiopata kusoma kitabu hata kimoja cha umekanika kutengeneza magari yaliyobuniwa Nagoya na Stuttgart.

Mwili huu, hata hivyo, una upande wa kutoa pamoja na upande wa kula, na upande huo wa kutoa fundi huusoma kwa moshi. Tena huusoma kwa ustadi. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta yamezidi hewa. Moshi wa rangi ya samawati humwambia kwamba oili inapenya na kuungua. Moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, humwambia kwamba maji ya rejeta yamepata njia ya kuingia ndani ya silinda. Huu ni usomaji hasa, wenye alama zake na maana zake, na msomi wa elimu ya ishara angeweza kuufanyia utafiti wa shahada. Kasoro yake ni moja tu. Msomaji wa moshi hana la kusoma moshi usipokuwapo. Basi gari lisilotoa moshi huhesabiwa kuwa ni gari safi, na mnunuzi hupigiwa injini huku fundi akielekeza kidole kwenye bomba: tazama mwenyewe, halitoi moshi.

Wahenga walisema kwamba panapofuka moshi pana moto. Methali hiyo ni kweli, lakini haikusema kwamba pasipofuka moshi hapana moto. Sisi wenyewe ndio tuliojiongezea nusu hiyo ya pili.

La kushangaza ni kwamba watu wa Kitui wanaujua ukweli huu kuliko wengi. Wilaya hii ya zamani, kaunti ya sasa, imechoma makaa kwa miaka mingi, hata mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu ikapiga marufuku usafirishaji wake. Mchoma makaa anajua kwamba moshi mzito ni dalili ya kuni ambazo bado hazijaiva, na kwamba makaa yaliyokolea hayana moshi. Na kila nyumba inajua kwamba makaa hayohayo yasiyo na moshi ndiyo, yakiingizwa ndani usiku wa baridi na mlango ukafungwa, yauayo watu usingizini. Mwuaji ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Lakini msiba unapotangazwa, aghalabu husemwa kwamba marehemu wameuawa na moshi wa jiko. Akili inajua kwamba moshi haukuwapo. Ulimi unasema ulikuwapo, kwa sababu ulimi haukupewa neno jingine. Gesi iyo hiyo ndiyo itokayo katika bomba la gari la petroli lililotulizwa stendi huku linanguruma, likingojea abiria wa mwisho.

Yafaa sasa tueleze kazi ifanyikayo ndani ya bomba hilo, maana istilahi haiwezi kuhakikiwa na mtu asiyekijua kitu kinachoitwa. Sehemu moja ya petroli kwa uzani, ikichanganywa na sehemu 14.7 hivi za hewa, huungua hata mafuta na oksijeni vikamalizana. Katika hali hiyo chombo kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu chaweza kufanya kazi tatu kwa pamoja. Kaboni monoksidi huongezewa oksijeni ikawa kaboni dioksidi. Mabaki ya mafuta yaliyoponyoka bila kuungua humaliziwa. Na oksidi za naitrojeni hunyang'anywa oksijeni yao, zikarudi kuwa naitrojeni tu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta. Kihisio kilichopachikwa katika bomba huipima oksijeni iliyobaki, nayo kompyuta ya gari huongeza au hupunguza mafuta kufuatana na kipimo hicho, bila kupumzika, muda wote injini inapofanya kazi.

Waingereza huuita mchanganyiko wenye mafuta mengi kwa neno la utajiri, na ule wenye mafuta machache kwa neno la kukonda. Mfasiri akiyabeba maneno hayo mzima mzima atamwacha fundi akijiuliza petroli imepata wapi utajiri. Ilhali sisi tunao uji. Kila mtu aliyekulia Ukambani, Pwani au Kagera anajua tofauti ya uji mzito na uji mwepesi, na anajua kwamba tofauti hiyo ni ya uwiano wa unga na maji, wala si ya wingi wa vyote viwili. Mchanganyiko mzito, mchanganyiko mwepesi: maneno haya yanatosha, nayo yana faida ya kueleweka kabla ya kufafanuliwa.

Taabu ilianza injini zilipotakiwa zibane mafuta. Mwaka 1996 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilitoa gari la Galant lenye injini iliyonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ambayo katika mwendo wa pole iliweza kuunguza mchanganyiko mwepesi mno, hata wa hewa 40 kwa petroli 1. Toyota nayo ilitoa injini ya namna hiyo mwaka huohuo. Magari haya baadaye yalifika kwetu yakiwa mitumba, na mafundi wengi waliyaogopa. Mchanganyiko mwepesi huokoa mafuta, lakini huacha oksijeni tele katika bomba. Na penye oksijeni tele kile chombo cha kazi tatu hushindwa na kazi ya tatu, kwa kuwa oksidi za naitrojeni hazipati wa kuzinyang'anya. Injini za dizeli, ambazo kwa tabia yake hula mchanganyiko mwepesi, zina taabu iyo hiyo. Tazama basi kinyume kilichozaliwa hapa: injini ilayo kidogo, isiyotoa moshi, ambayo jicho la fundi lingeipa alama zote, ndiyo itoayo kwa wingi gesi isiyoonekana, gesi ambayo jua likiipiga husaidia kuunda ozoni ya chini inayowasha macho na kubana vifua.

Wahandisi walijibu kwa kuongeza chombo cha pili, chenye bariamu ndani yake. Injini ikila mchanganyiko mwepesi, bariamu huzipokea oksidi za naitrojeni na kuziweka akiba. Chombo hakina nafasi isiyo na mwisho. Baada ya dakika moja hivi hukaribia kujaa. Hapo kompyuta huiamuru injini ile mchanganyiko mzito kwa sekunde chache. Mafuta ya ziada yafikapo katika bomba huitoa ile akiba na kuigeuza naitrojeni, kisha injini hurudi kwenye uji wake mwepesi. Dereva hatakiwi kuhisi kitu. Udhibiti wote umo katika kukisia: chombo kimejaa kiasi gani, kina joto gani, kipewe mafuta ya ziada kiasi gani ili kisafike bila kupoteza uokozi ambao ndio uliotafutwa tangu mwanzo.

Na katika mafuta kuna adui. Salfa ikiungua hushika nafasi zilezile za bariamu, tena huzishika kwa nguvu zaidi, na kuiondoa kunataka joto la zaidi ya nyuzi 600. Ndiyo sababu vyombo hivi havikuweza kuishi katika nchi zenye mafuta machafu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 katika milioni mwezi wa Januari 2015. Ulaya ilikuwa imekwisha kushuka hadi sehemu 10 mwaka 2009. Kabla ya salfa adui alikuwa risasi, ambayo huua kabisa chombo chenye platinamu, na ambayo Kenya iliachana nayo katika petroli kufikia mwaka 2006. Msemo wa petroli isiyo na risasi, tukumbuke, uliwachekesha baadhi ya watu waliodhani kwamba ile ya kwanza ilikuwa na bunduki. Na salfa yenyewe jina lake la zamani katika Kiswahili ni kiberiti. Mtu akisema leo kwamba mafuta yana kiberiti, kituo kizima kitakimbia.

Sasa tutazame majina tuliyovipa vyombo hivi, au tunayotaka kuvipa.

Jina la kwanza lijalo kinywani ni chujio. Linapendeza kwa urahisi wake, na mtu akieleza kwamba gari lina chujio la moshi husikilizwa mara moja. Lakini chujio ni kitu gani kwa msemaji wa Kiswahili? Ni chombo kizuiacho machicha na kupitisha chai. Kikijaa hukung'utwa, kikichakaa hutupwa. Kwa kile kifaa cha dizeli kinachonasa masizi jina hili linafaa kabisa, kwa kuwa kweli kinanasa, kweli hujaa, na huhitaji kuunguziwa masizi yake ndani kwa ndani. Lakini chombo cha platinamu hakichuji chochote. Kila kiingiacho hutoka. Kinachobadilika ni namna kilivyoungana. Ukimwambia fundi kwamba hilo ni chujio, umemwambia pia, bila kukusudia, kwamba linaweza kuziba. Na chenye kuziba, kwa akili ya kawaida na ya haki, huzibuliwa. Huzibuliwa kwa nondo. Hatudai kwamba nondo zote zimeletwa na neno moja. Twadai kwamba neno hilo huipa nondo hoja.

Jina la pili ni la wanaistilahi: kichocheo, na kutoka hapo misemo ya namna ya kigeuzi kichocheo, ambayo hufuata umbo la Kiingereza mguu kwa mguu. Kichocheo lina historia yenye kusemwa. Asili yake ni kuchochea moto. Kutoka motoni likahamia kwenye fitina, na sheria ikatupatia uchochezi. Kutoka hapo likaingia kemia, na katika elimu ya mwili vilevile, ambako vichocheo vya mwili ni homoni. Neno lenye kazi nyingi kiasi hiki lingeweza bado kutumika kama lingekuwa linasema kweli. Nusu yake ni kweli: chombo kile huchochea kuungua kwa yale yaliyobaki bila kuungua, tena kwa joto dogo kuliko ambalo yangeungulia yenyewe. Lakini kazi ya tatu, ile ya kunyang'anya oksijeni, ni kinyume cha kuchochea moto. Isitoshe, neno halidokezi sifa iliyo kuu kuliko zote, kwamba kitendacho chenyewe hakipungui. Nadhani mshenga angekuwa mfano bora: huunganisha pande mbili, kisha akaondoka alivyokuja, tayari kwenda nyumba nyingine. Hatupendekezi jina hilo kwa dhati. Twalitaja ili kuonyesha kwamba lugha haikosi picha, bali watunga istilahi huanza kutafuta katika kamusi ya Kiingereza kabla ya kutafuta kijijini.

Jina la tatu ni mtego, ambalo wafasiri hulipa chombo cha bariamu. Hapa kosa ni dhahiri zaidi. Mtego hukamata ili kuua. Anayetega hatarajii kumwachilia kanga kila baada ya dakika. Chombo cha bariamu hupokea, hutunza kwa muda, kisha hutoa kwa amri. Hiyo ni ghala. Na mtu aelewaye ghala haambiwi mara mbili kwamba likishajaa lazima litolewe, na kwamba likijazwa takataka halitapokea nafaka. Salfa basi ni takataka ndani ya ghala. Kwa neno hili moja mantiki yote ya udhibiti inaelezeka kwa mkulima wa Yatta: kwa nini gari hula mafuta ya ziada kwa muda mfupi, na kwa nini mafuta machafu huliharibu gari lililotengenezwa kubana mafuta kuliko linavyoharibika lori la kale.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba kosa ni la Kiswahili. Si hivyo. Kanuni za trafiki za Kenya, zilizotungwa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zilitaka gari lijengwe, litunzwe na litumiwe kwa namna ambayo halitatoa moshi unaoweza kuepukika wala mvuke unaoonekana. Unaoonekana! Mtunga sheria aliyeandika kwa Kiingereza naye aliliweka jicho kuwa hakimu. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 zilikwenda mbele zaidi kwa kutaja gesi na vipimo vyake, lakini ziliandikwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Fundi wa Kwa Vonza basi ameachiwa ile sheria ya jicho, kwa sababu ndiyo peke yake iliyowahi kumfikia kwa lugha anayoifanyia kazi.

Wala matajiri hawakuona zaidi. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari liko katika mizani ya ukaguzi. Likipimwa, kompyuta iliamuru vyombo vya kusafisha vifanye kazi barabara. Likirudi barabarani, ililegeza, na oksidi za naitrojeni zikapanda katika baadhi ya magari hadi mara 40 ya kiwango cha sheria. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Haya yalikuwa magari yaliyosifiwa kwa kubana mafuta na kwa usafi wake. Hayakutoa moshi. Waliogundua tofauti kwa mara ya kwanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, hawakuigundua kwa jicho. Walifunga vipimo kwenye gari likitembea njiani. Kisa hiki hunukuliwa kama hadithi ya ulaghai, na ndivyo kilivyo, lakini kwa mhakiki wa lugha kina somo la ziada: ulaghai ule usingewezekana kama jambo lenyewe lingekuwa la kuonekana.

Kwetu hapakuhitajika programu. Chombo cha platinamu kina thamani, na vito vyake hununuliwa. Gari lililofika likiwa nacho huweza kukikosa baada ya mikono miwili mitatu. Bomba tupu huchomelewa mahali pake. Taa ya injini ikiwaka kwa kuwa kihisio cha nyuma kimeshtuka, kihisio husogezwa mbali kidogo na mkondo wa hewa kwa kipande cha chuma, au taa huzibwa. Mwenye gari huelezwa kwamba sasa gari linapumua vizuri, naye hushukuru, maana halikutoa moshi jana na leo pia halitoi. Lugha yake haimpi namna ya kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Linapumua. Neno hili la gereji tumelikuta mwishoni, na hapa ndipo twaona kwamba dawa imekaa karibu na ugonjwa. Fundi, ambaye alikuwa amekwisha kuifanya injini kuwa mwili, ameipa pia mapafu. Tukubaliane naye, kisha tumdai matokeo ya neno lake. Kipumuacho huvuta na hutoa. Kinachotoka ni pumzi, na pumzi haionekani ila asubuhi ya baridi. Hata hivyo hakuna Mswahili asemaye kwamba pumzi si kitu kwa sababu haionekani. Tunajua pumzi ya mlevi, tunajua pumzi ya mgonjwa, tunajua kwamba maradhi husafiri kwa pumzi, na tangu mwaka 2020 tumejifunza hayo upya sote kwa barakoa. Kwa hiyo twapendekeza kwamba yote yatokayo katika injini yaitwe pumzi ya injini. Moshi ubaki kuwa jina la sehemu ile ionekanayo. Masizi yawe chembe zinazonaswa na chujio. Na vyombo vya kusafisha viitwe visafisha pumzi, ambavyo miongoni mwake kimoja ni chujio na kingine ni ghala.

Pingamizi ya kwanza itakuwa kwamba pumzi ni ya viumbe wenye roho, na kwamba kuipa injini ni kuchanganya sayansi na mashairi. Jibu ni kwamba lugha imekwisha kuvipa vyombo mikono, miguu, midomo na meno bila sayansi kudhurika. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: katika masikio ya wengi pumzi ni kitu chema, ni uhai wenyewe, na kuliita sumu pumzi ni kulipamba. Hili tumelifikiria. Lingekuwa kweli kama tungechukua fukizo au mafusho, maneno ambayo yameshikamana na udi, ubani na tiba za mafua, na ambayo kwa sababu hiyo tumeyaacha. Pumzi haipambi wala haichafui; husubiri kivumishi. Ni neno lenye kuweza kuwa safi na chafu, jambo ambalo moshi haliwezi, kwa maana hatujasikia mtu akisifu moshi safi.

Pingamizi ya tatu ni ya wenzetu wa kamati, kwamba istilahi ya sayansi haina budi kulingana na ya mataifa mengine. Katika majina ya elementi na gesi twakubali bila ubishi: naitrojeni ibaki naitrojeni. Lakini visafisha pumzi si vitu vya maabara peke yake. Huuzwa, hununuliwa, huibwa, hung'olewa na hukaguliwa na watu ambao hawataingia maabara maishani mwao. Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ya awali ya ufundi kutoka Dar es Salaam mwaka 1987, magari mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa bado yanatumia kabureta, na fundi aliweza kuishi na istilahi zilizomwonyesha umbo la kitu tu, kwa kuwa kitu chenyewe alikuwa amekishika mkononi. Kompyuta inayoamua lini ghala litolewe haishikiki. Anayeifahamu huifahamu kwa maneno au haifahamu kabisa.

Magari yenyewe, tuseme kwa kupita, hayana msaada katika jambo hili. Mengi yakiwashwa humsalimu dereva wa Kitui kwa Kijapani, na karatasi zilizobandikwa chini ya boneti zao zimeandikwa kwa lugha hiyohiyo. Fundi amezoea kufanya kazi katikati ya maandishi asiyoyasoma, na mazoea hayo yamemfanya aliamini jicho lake kuliko karatasi yoyote. Si kosa lake. Ila jicho hilo sasa limepewa injini ambayo ilibuniwa, kwa gharama kubwa, isiwe na chochote cha kuonekana.

Jaribio la pendekezo letu halitafanyika katika kurasa hizi. Litafanyika siku mkaguzi wa magari atakapoandika taarifa yake kwa Kiswahili na kujaza mistari miwili badala ya mmoja: moshi, hakuna, pumzi, chafu.